Niende au Nibaki? Kazi ya Mbali na Kikao cha Nyumbani



Juma lililopita alinijia binti mmoja niliyemfundisha hapa Kigali, ambaye amemaliza masomo yake miaka mitatu iliyopita. Alikuwa na barua mkononi. Wakala mmoja wa forodha jijini Dar es Salaam anamtaka awe karani wa nyaraka za mizigo ya Rwanda inayopitia bandari ya huko, kwa kuwa anakimudu Kinyarwanda, Kifaransa na Kiswahili. Alinisalimu kwa adabu, akakaa, akaiweka barua mezani, kisha akasema sentensi moja tu: "Mwalimu, niende au nibaki?"

Kisarufi sentensi ile haikuwa na kosa. Kitenzi cha Kibantu, enda, kimebadili irabu yake ya mwisho kikawa niende. Kitenzi chenye asili ya Kiarabu, baki, kimeibakiza irabu yake kama ilivyo. Tungekuwa darasani ningempa alama zote. Lakini swali lenyewe lilinishinda. Nilimwambia anipe siku chache, nami ningemjibu kwa maandishi, kwa sababu najua kwamba wengi wenu mtaliuliza swali hilo hilo siku moja. Jibu langu ni hili, na sehemu kubwa yake ni habari zangu mwenyewe.

Tuanze na neno. Kuhama ni kuondoka mahali unapoishi ili ukaishi mahali pengine. Katika mzizi huo tunapata hamia, hamisha, hamishwa, uhamisho, mhamiaji na uhamiaji. Tazameni vitenzi viwili vya mwanzo. Hama hutazama nyuma, kule mtu alikotoka; hamia hutazama mbele, kule aendako. Nilipokuja Rwanda, marafiki zangu walisema, "Amehamia Kigali." Mama yangu alisema, "Amehama Pangani." Tukio lilikuwa moja, na wote walisema kweli. Anayepewa kazi ya mbali aghalabu huwa na hamia tu kichwani mwake. Mimi nilikuwa hivyo.

Mwaka 2018 nilikuwa mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya watu binafsi mkoani Tanga. Kwetu ni Pangani, mji mdogo uliopo pale mto wa jina hilo, wenye maji yanayotoka Kilimanjaro na Meru, unapoingia katika Bahari ya Hindi. Mji wenyewe uko upande mmoja wa mto, na nyumba yetu iko Bweni, ng'ambo ya pili. Ukitaka kwenda sokoni, hospitali au mjini Tanga, sharti uvuke kwa kivuko. Marehemu baba alikuwa mvuvi. Wakati huo alikuwa amekwisha kuiacha bahari, kwani kisukari kilikuwa kimeanza kumla macho na miguu. Kila mwezi alikwenda kliniki, na kila mwezi palihitajika mtu wa kumshika mkono hadi kivukoni.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, yaani 2017, Rwanda ilikuwa imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Shule za Kigali zikawa zinatafuta walimu. Rafiki yangu alinitumia tangazo, nikaomba, nikafanya usaili kwa simu, na baada ya majuma matatu nikaletewa mkataba wa miaka miwili. Mshahara ulikuwa zaidi ya mara mbili ya ule niliokuwa nikiupata. Nilikuwa na mke, mwalimu wa shule ya msingi aliyeajiriwa na serikali, na mtoto wa kike wa miaka minne. Nilikuwa pia na deni la mabati ya nyumba.

Nilifanya kama mwalimu afanyavyo. Nilichukua karatasi, nikapiga mstari katikati, upande mmoja nikaandika "Faida" na upande wa pili "Hasara". Upande wa faida ulijaa upesi: mshahara, uzoefu, deni, ada ya mtoto, heshima ya kufundisha lugha yangu katika nchi inayoihitaji. Upande wa hasara niliandika: upweke, baridi, nauli. Nilijiona mtu mwenye busara. Leo ninaikumbuka karatasi ile na kuona kwamba hasara zote nilizoziandika zilikuwa zangu. Hasara za watu wengine hazikuwamo.

Siku ya Jumapili tulikaa kikao cha familia barazani. Walikuwapo baba, mama, baba mdogo, dada yangu mkubwa na mke wangu. Baba mdogo ndiye aliyefungua mazungumzo, na kwa kuwa yeye hupenda methali, alisema, "Mwacha asili ni mtumwa." Baba akacheka. Akamwambia, "Mimi nimekwenda dago hadi Mafia na Kilwa, miezi mizima silali kwangu. Nani aliniita mtumwa?" Dago, kwa wale wasiolijua neno hili, ni kambi ya wavuvi wanaofuata samaki mbali na kwao. Watu wa pwani wamekuwa wakienda dago tangu zamani. Hakuna aliyeona ajabu mwanamume kuifuata riziki iliko. Kwa neno lile baba alinifungulia njia, nami nilifurahi.

Kisha dada akasema. Alisema kwa sauti ya chini, kama kawaida yake. "Baba alikuwa akienda dago, na bibi alikuwa hai, na mama alikuwa na nguvu. Mimi nina swali moja tu: nani atampeleka baba kliniki?"

Nilijibu haraka, "Nitatuma fedha kila mwezi, dada." Wote wakaitikia kwa kichwa, na kikao kikafungwa kwa dua. Ilinichukua miaka minne kutambua kwamba nililijibu swali ambalo dada hakuuliza. Yeye aliuliza "nani", mimi nikajibu "nini".

Nisiseme kwamba sikujiandaa. Upande wa kazi nilijiandaa vyema, na katika hili nawasihi mniige, kwa sababu raia asiyezijua haki zake hudhulumiwa kirahisi akiwa ugenini. Nchi zetu zimefungamana katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Rwanda na Burundi zilijiunga nayo mwaka 2007. Itifaki ya Soko la Pamoja la jumuiya hiyo ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Ibara yake ya 10 inahusu uhuru wa wafanyakazi kuvuka mipaka: raia wa nchi mwanachama anaweza kuomba kazi katika nchi nyingine mwanachama, kufunga mkataba, kukaa huko kwa ajili ya kazi hiyo, na kufuatana na mwenzi wake na mtoto wake. Ibara hiyo inakataza kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya uraia wake katika ajira, malipo na masharti ya kazi.

Hata hivyo, uhuru huo una mipaka yake. Kila nchi iliorodhesha aina za kazi ilizokubali kuzifungua. Ajira katika utumishi wa umma haimo, isipokuwa pale sheria za nchi zinaporuhusu. Kwa hiyo mke wangu, mtumishi wa serikali, asingeweza kuubeba wadhifa wake mkobani na kuvuka nao mpaka. Aidha, uhuru wa kuvuka hauondoi kibali. Kanuni za itifaki zinamtaka mwenye mkataba unaozidi siku 90 aombe kibali cha kazi ndani ya siku 15 za kazi tangu alipofunga mkataba huo. Niliyasoma hayo yote. Niliuliza habari za bima ya afya, za makato ya hifadhi ya jamii, na za nani angenilipia nauli ya kurudi mkataba ukiisha. Nilihakikisha majibu yamo ndani ya mkataba, si katika maneno ya simu. Katika hayo sikujuta hata siku moja.

Nikaondoka mwezi wa Januari. Safari ya basi ilinipitisha Chalinze, Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega, Kahama na Ngara hadi Rusumo, ambako mto Kagera unaporomoka kwa kishindo chini ya daraja la mpakani. Baada ya daraja magari huacha upande wa kushoto wa barabara na kushika wa kulia, na saa za mkononi hurudishwa nyuma kwa saa moja. Hilo la saa nililiona dogo. Baadaye lilikuja kunisumbua kila jioni: nilipomaliza kusahihisha madaftari na kupata utulivu wa kupiga simu nyumbani, mtoto wangu alikuwa tayari amelala.

Kazi yenyewe niliipenda. Niliwapenda wanafunzi wangu, nanyi mnaosoma haya mnajijua. Nilifurahi kugundua kwamba Kinyarwanda na Kiswahili ni ndugu: umuntu na mtu, amazi na maji, umwana na mwana. Jumamosi ya mwisho ya mwezi nilitoka na majirani kufanya umuganda, tukazibua mitaro na kufyeka majani, na jembe lile lilinifanya nisiwe mgeni tena. Si mnaikumbuka methali? Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nilipopungukiwa na lugha yangu nilikwenda Biryogo, katika Nyamirambo, mtaa ambao Kiswahili kimezungumzwa kwa vizazi kadhaa, nikanywa chai na kuwasikiliza wazee wakibishana juu ya mpira. Fedha nilizituma kila mwezi bila kukosa hata mmoja. Deni la mabati lilikwisha. Miaka miwili ilipotimia, niliongeza mkataba kwa simu, bila kikao.

Mwaka 2022, siku moja alfajiri, saa kumi na moja ya Kigali, dada alinipigia. Simu ya wakati ule haihitaji maelezo. Baba alikuwa amefariki usiku. Kwetu maiti hailazwi. Mazishi yalipangwa baada ya sala ya alasiri siku ile ile. Nilipiga hesabu kama mtu anayeota. Ndege niliyoipata iliondoka mchana na kunifikisha Dar es Salaam jioni. Nililala kituo cha mabasi, nikapanda basi la kwanza la Tanga, nikafika Pangani siku ya pili alasiri. Nilivuka kwa kivuko nikiwa na begi mgongoni, na watu niliosoma nao wakanipa mkono wa pole mmoja mmoja huku kivuko kikienda. Udongo wa kaburi ulikuwa umeanza kukauka juu.

Usiku wa tatu, watu walipopungua, nilikaa na dada jikoni. Nilitaka kumshukuru, nikaanza kuzungumza habari za fedha: kama zilitosha, kama ziliwahi kuchelewa. Akaniacha nimalize. Akasema, "Fedha zilikuwa zinafika, wala sina manung'uniko. Mtu wa kumshika baba mkono hadi kivukoni ndiye aliyekosekana. Nilikuwa nafunga genge langu kila siku ya kliniki. Wateja wakaenda kwa mwingine. Sasa nina genge la jina tu."

Miaka minne nilikuwa nimeamini kwamba mimi ndiye niliyejitoa mhanga. Nilikula ugenini, nikalala ugenini, nikahesabu kila faranga ili nyumbani wapate. Kumbe kazi yangu ya Kigali ilikuwa imesimama juu ya genge la dada yangu, na hakuna mtu aliyemuuliza kama yuko tayari kulitoa. Alikuwa amesema kwa njia yake siku ile ya kikao. Methali ya fimbo ya mbali, ile isiyoua nyoka, nimeifundisha mara nyingi ubaoni. Siku ile niliielewa kwa mara ya kwanza.

Niliporudi Kigali, jirani yangu alikuja kunipa pole. Ni bibi wa makamo ya kuheshimika, anayezungumza Kiswahili cha Karagwe. Alizaliwa Rwanda, mwanzoni mwa miaka ya 1960 wazazi wake walikimbilia Tanganyika naye akiwa mtoto wa kubebwa, na hakurudi hadi baada ya mwaka 1994, akiwa na wajukuu. Nilimsimulia habari ya kikao chetu na ya genge la dada. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, sisi hatukukaa kikao. Tulibeba sufuria na watoto tukavuka mto. Wewe ulipewa nafasi ya kukaa na watu wako mkaulizana. Anayepewa nafasi hiyo asikae nusu."

Maneno hayo nimeyabeba tangu siku hiyo. Lugha yetu humwita mtu wa namna ya bibi yule mkimbizi, na mtu wa namna yangu mhamiaji, na tofauti ya majina hayo mawili si ya kamusi tu. Katika eneo letu hili la Maziwa Makuu kuna mamilioni ya watu walioondoka kwao bila kuulizwa. Sisi tunaoletewa mkataba na kupewa majuma mawili ya kufikiri tunayo neema. Kuipokea neema hiyo na kuitumia vibaya ni aibu ndogo, lakini ni aibu.

Mtaniuliza: mbona basi uko Kigali bado? Swali la haki. Baada ya arubaini ya baba tulikaa kikao cha pili, na safari hii dada ndiye aliyekifungua. Mama hakutaka kuihama Bweni. Alisema wazi kwamba hatahamia kwa mtoto yeyote. Dada alisema anaweza kubaki karibu naye, lakini si kwa kulipoteza genge tena. Tukakubaliana. Binti wa jirani analipwa ujira wa kila mwezi ili amsaidie mama kutwa. Fedha hizo ni zangu, na hazihesabiwi kuwa msaada. Likizo ndefu ya shule ni zamu yangu: mimi ndiye ninayekaa na mama, na dada huenda kwa mwanawe Handeni apumzike. Mke wangu aliomba likizo bila malipo, akaja hapa pamoja na mtoto kwa muda uliopangwa. Muda huo ukiisha tutakaa tena. Mkataba siuongezi kwa simu. Mpango huu una tundu nyingi, na kuna miezi unatushinda. Lakini kila mmoja anayeulipia alikuwapo ulipopangwa.

Sasa narudi kwako, binti yangu uliyekuja na barua.

Kwa upande wa kazi, fanya kama nilivyofanya mimi. Usome mkataba wote, si ukurasa wa mshahara peke yake. Kwa raia wa kigeni, Tanzania inataka vibali viwili: kibali cha kazi, ambacho hutolewa na Kamishna wa Kazi, na kibali cha ukaazi, ambacho hutolewa na Idara ya Uhamiaji. Mwajiri ndiye anayetakiwa kukuombea cha kwanza. Akikuambia uanze kazi kwanza, vibali vitafuata, mwambie kwa adabu kwamba utasubiri. Uulize pia utalala wapi mwezi wa kwanza, kwa kuwa katika nyumba nyingi za kupanga Dar es Salaam mpangaji huombwa kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo, nawe utakuwa hujapokea mshahara hata mara moja.

Kwa upande wa nyumbani, usifanye nilivyofanya. Uliniambia kwamba mama yenu anaumwa mgongo, na kwamba una mdogo wako wa kiume anayeendesha pikipiki ya abiria. Sikukusikia ukisema umemuuliza. Kaa naye. Usimwambie utatuma nini. Muulize yeye atapoteza nini, kisha unyamaze hadi amalize. Mtafutie mama mtu, mtaje kwa jina, kabla hujaitafuta tiketi. Na muafikiane leo siku ya kukaa tena, baada ya mwaka mmoja, ili kuondoka kwako kusigeuke kuwa kwa daima bila mtu kukata shauri.

Ukiniuliza maoni yangu, sitakuficha: naona uende. Kazi hiyo umeistahili, lugha tatu ulizojifunza kwa jasho zinataka mahali pa kutumika, na bandari ile inawahitaji watu wa kwenu wanaozielewa pande zote mbili. Ila nakuomba usiende kabla ya kikao, na kikao chenyewe kisiwe nusu.

Jana ameniandikia ujumbe mfupi. Amemwomba mwajiri amwongezee mwezi mmoja kabla ya kuanza, na mwajiri amekubali. Jumapili watakaa: yeye, mama yake, mdogo wake na shangazi mmoja anayetoka Huye. Bado hajui kama ataenda. Nimemjibu kwamba mwezi huo mmoja umenifurahisha kuliko barua yenyewe.

Maswali ya kujadili darasani

1. Eleza tofauti kati ya kuhama, kuhamia na kuhamishwa. Tunga sentensi moja kwa kila neno, ukitumia mfano wa mtu unayemjua.

2. Dada aliuliza "nani", mwandishi akajibu "nini". Je, umewahi kuona swali likijibiwa hivyo nyumbani kwenu? Simulia kwa aya mbili.

3. Raia wa Afrika Mashariki anayetaka kufanya kazi katika nchi jirani ana haki zipi, na bado anatakiwa kutimiza masharti gani?

4. Mjadala: "Anayebaki nyumbani na wazee astahili kuhesabiwa kuwa naye anafanya kazi." Kundi moja litetee hoja hii, la pili liipinge.